Somo la Bao: Safari Yangu ya Kwanza Kisiwani Pemba

Kilichonifikisha Pemba ni mstari mmoja wa maandishi madogo chini ya ukurasa. Nilikuwa nimeandaa somo kwa ajili ya klabu ya kompyuta ya shule yetu mjini Morogoro, somo la kuwaonyesha wanafunzi jinsi programu inavyorudia kazi bila kuchoka. Somo hilo lilisafiri kwa flashi kutoka mkono hadi mkono: kwa mwalimu wa Dar es Salaam, kisha kwa ndugu yake wa Unguja, hata likafika Chake Chake. Chini yake niliandika jina langu, namba ya simu, na leseni inayomruhusu yeyote kulinakili, kulibadilisha na kuligawa, mradi ataje lilikotoka. Jioni moja simu ikaita.

"Asalaam aleikum, Mwalimu. Sisi huku Pemba tunalisomesha somo lako. Ila tuna maswali, na maswali yenyewe si ya kumaliza kwenye simu. Njoo utuzuru."

Sikuwa nimewahi kuvuka bahari. Nilisubiri likizo ifike, nikafunga begi.

Nguo zilichukua nafasi ndogo. Cha maana nilichobeba ni Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja inayotosha kiganjani, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 kwa nia ya kuwarudisha vijana kwenye uandishi wa programu. Katika kadi yake ya kumbukumbu nilipakia Kiwix, programu huria inayowezesha maktaba nzima ya mtandaoni kusomwa pasipo intaneti. Nikaongeza Scratch, lile toleo la kupakuliwa ambalo halidai mtandao, na shughuli za CS Unplugged, zinazofundisha misingi ya kompyuta bila kompyuta yenyewe. Juu ya hayo nilitia masomo ya Teach Computing Curriculum, zaidi ya saa 500 za vipindi vilivyoandaliwa kwa ajili ya shule za Uingereza. Vyote hivi vina sifa moja: wenyewe wameandika waziwazi kwamba mwalimu yeyote ana ruhusa ya kuvitumia.

Treni ya SGR ilinifikisha Dar es Salaam, boti ikanivusha hadi Unguja, na usiku nikapanda meli ya Pemba katika bandari ya Malindi. Tulipofika usawa wa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, bahari ilianza kuinuka. Katika maji ya upande huo ndimo ilimozama meli ya Spice Islander mwezi Septemba 2011, na abiria wengi waliokuwa wakizungumza waliacha mazungumzo wakaomba dua. Bi mkubwa mmoja aliyeketi karibu nami, mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa akirudi kwao Wete, alimaliza dua yake kisha akaligeukia begi langu, ambalo nilikuwa nimelipakata muda wote.

"Mwanangu, hicho unachokumbatia ni biashara gani?"

"Si biashara, Bi mkubwa. Ni masomo ya kompyuta. Nawapelekea walimu wa Chake."

"Kwa bei gani?"

"Bure. Nami nilipewa bure."

Alinitazama. "Kitu hakizuki, mwanangu. Nani aliyelipa?"

Tangu nianze kazi hii sijaulizwa swali zuri kuliko hilo, na nilimjibu kwa kirefu kadiri mawimbi yalivyoruhusu. Nilimwambia kwamba katika miaka ya 1990 Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, kule New Zealand, pamoja na wenzake Ian Witten na Mike Fellows, walibuni michezo ya kuwaeleza watoto wadogo kazi ya kompyuta kwa kadi, kamba na chaki, kisha wakaitoa itumike popote. Mishahara yao ilitoka vyuoni mwao. Scratch ilitolewa kwa umma mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick katika chuo cha MIT, Marekani, kwa fedha za wafadhili. Wanaoitafsiri, hata kwa Kiswahili, ni watu wa kujitolea. Masomo ya Uingereza yaligharamiwa na serikali ya kule, yaani na walipa kodi. Kazi imekwisha kulipiwa mara moja, nikamwambia, na nakala ya pili, ya mia na ya milioni haimpunguzii mtu kitu.

"Basi hiyo ni sadaka jaria," alisema. "Elimu yenye manufaa, mtu amekufa na bado thawabu zinamfuata." Akajifunika kanga akalala. Mimi niliendelea kuwaza, kwa kuwa alikuwa amenieleza jambo hilo vizuri kuliko nilivyomweleza yeye.

Tuliteremka Mkoani alfajiri. Niliyezoea milima ya Uluguru sikutarajia kisiwa chenye vilima vingi namna ile: barabara inapanda, inashuka, inapinda, na kila bonde lina mpunga, kila mwinuko una mikarafuu. Ulikuwa msimu wa mavuno. Kando ya barabara karafuu zilianikwa kwenye majamvi, zile za jana kijani na nyekundu, zile za siku zilizotangulia zimekwisha kuwa kahawia, na harufu yake iliingia garini kabla hatujayaona majamvi yenyewe. Watoto walikuwa wakivunja vikonyo vibarazani pamoja na wazee wao. Mwenyeji wangu, ambaye kila mtu alimwita Maalim, alinipokea Chake kwa chai ya tangawizi na boflo, akanipa muda wa kuoga tu, kisha tukaelekea kituo cha walimu.

Vituo hivi ni hazina ya elimu ya Zanzibar. Ni mahali ambapo walimu wa skuli za jirani hukutana kupeana mbinu, kutengeneza zana na kujiendeleza. Nilikuta chumba chenye kompyuta chache za mezani, ubao, na walimu waliokuja kutoka Wete, Micheweni na Mkoani kwa nauli zao. Umeme upo; tangu mwaka 2010 Pemba inaupata kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Intaneti nayo ipo. Kinachokosekana ni bando: mwalimu anayepakua video ya somo anailipia kutoka mfukoni mwake, na video moja inaweza kumaliza alichonunua kwa wiki nzima.

Nilichomeka Raspberry Pi, ikatoa waifai yake ndogo, na simu za walimu zikaanza kuunganishwa moja baada ya nyingine. Ensaiklopidia, vipindi, Scratch, vyote vikafunguka bila senti kukatwa. Chumba kilichangamka. Nilidhani maswali yatakuwa ya kiufundi. Mwalimu mmoja wa kike kutoka Micheweni alinyoosha mkono.

"Mwalimu, katika somo hili kuna picha ya watoto wanacheza kwenye theluji. Mie nikiitoa nikatia watoto wanaochuma karafuu, nimevunja sheria?"

Wote walinyamaza wakisubiri jibu. Ndipo nilipoelewa kwa nini niliambiwa maswali si ya simu. Walimu hawa walikuwa na nyenzo tayari. Baadhi walikuwa nazo kwa muda mrefu. Walizitumia kwa woga, kama zilivyo, theluji na yote, maana hakuna aliyewaambia mpaka wa ruhusa yao uko wapi.

Basi asubuhi ile hatukugusa programu hata moja. Tulisoma leseni. Niliwaeleza kwamba hakimiliki haiombwi wala haisajiliwi ndipo izaliwe. Mtu akishaandika somo, sheria inamlinda papo hapo, na asiposema neno, wengine hawana ruhusa ya kulinakili na kuligawa watakavyo. Kukaa kimya si ukarimu. Kwa sababu hiyo shirika la Creative Commons lilianzishwa mwaka 2001, na mwaka uliofuata likatoa leseni ambazo mtunzi anazibandika kwenye kazi yake ili ruhusa isomeke mapema. Tukaandika ubaoni alama zake kuu. BY: mtaje aliyeitunga. SA: ukibadilisha na kugawa, toleo lako nalo liwe chini ya leseni hiyohiyo. NC: usiifanyie biashara. ND: usigawe toleo ulilolibadilisha. Nikawaonyesha kwamba CS Unplugged ina BY na SA, na kwamba kila kazi inayochapishwa kwenye jamii ya Scratch ina masharti hayohayo. Nikawaambia pia kuwa mwaka 2019 UNESCO ilipitisha pendekezo linalozihimiza nchi wanachama kukuza nyenzo huria za elimu.

"Kwa hiyo theluji itoke?" aliuliza yule mwalimu.

"Itoke. Taja tu ulikolichukua somo, na useme umelibadilisha."

Alifungua faili ili aanze palepale, na hapo tukakutana na kikwazo cha pili. Somo lilikuwa PDF. Picha na maandishi vimeshikana; aliye na kompyuta ndogo na programu za kawaida hawezi kuvitenganisha kwa urahisi. Maalim alisema jambo nililoliandika kwenye daftari langu: "Hili limeruhusiwa kubadilishwa, lakini halibadiliki." Kwa bahati asili yake inayoharirika ilikuwamo katika kadi, na tuliipata. Mara nyingi haimo. Ruhusa iliyo kwenye karatasi haimfai mwalimu ambaye faili limemfungia mlango, na tangu siku ile sigawi PDF peke yake.

Mchana tulitoka uani kujaribu CS Unplugged. Mchezo wenyewe unahitaji kadi zenye rangi upande mmoja, nami nilikuwa nimezichapisha. Kabla sijazitoa, Maalim alileta mfuko wa vizibo vya soda. Mwalimu mmoja akavipanga chini, mistari mitano yenye vizibo vitano, vingine vimefunikwa na vingine vimefunuliwa, kama alivyotaka mwenyewe. Mimi nikaongeza mstari wa sita na safu ya sita, nikisema nataka kuufanya mchezo uwe mgumu zaidi. Nikageuka nyuma. Mwalimu akageuza kizibo kimoja kati ya vile 36. Nilipotazama tena, nilikionyesha kwa kidole mara moja.

Walirudia, wakabadilisha anayegeuza, wakanifunga macho kwa kilemba. Kila mara nilikipata. Yule mwalimu wa Micheweni ndiye aliyeigundua siri: vizibo nilivyoongeza vilifanya idadi ya vilivyofunuliwa katika kila mstari na kila safu iwe shufwa. Kimoja kikigeuzwa, mstari mmoja na safu moja huwa witiri, na pale vinapokatana ndipo alipo mkosaji. Tukaketi kivulini tukaeleza matumizi yake. Data inaposafiri inaweza kuharibika njiani, kwa hiyo hubebeshwa ziada kidogo ya kuikagua. Hata tarakimu ya mwisho ya msimbo pau kwenye pakiti ya biskuti ipo kwa kazi hiyo: mashine ikisoma vibaya, hesabu inakataa. Wazo lililotoka New Zealand lilikuwa limefundishwa Chake Chake kwa vizibo visivyogharimu chochote, na mchapishaji wa kadi hakuhitajika. Hilo ndilo leseni inaloruhusu, nami nililiona likifanyika mbele ya macho yangu.

Kubwa zaidi lilikuja alasiri, wakati walimu wakipumzika kwa kucheza Bao. Nilikuwa nikitazama jinsi kete zinavyosambazwa, na Maalim akanisogelea. "Umeona?" akasema. "Lile somo lako la kurudia, mfano wake ulikuwa roboti anayezunguka chumba. Wanafunzi wangu roboti hawajamuona. Hili wamelala nalo na kuamka nalo."

Alikuwa na haki. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo manane. Katika kutakata, yaani kucheza pasipo kula kete za mwenzako, mchezaji anachukua kete zote za shimo moja, anazitia moja moja katika mashimo yanayofuata, na kete ya mwisho ndiyo inayoamua. Ikiangukia shimo lenye kete, zichukue zote uendelee. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu ni ya mwenzako. Maalim aliyaandika maneno hayo ubaoni mstari kwa mstari, na kila mwalimu akaona algoriti: rudia, kama, la sivyo, acha. Orodha ya data ni mashimo 16. Kete ulizonazo mkononi ni thamani inayobadilika. Na kwa wanafunzi wa mbele zaidi ipo kanuni ya nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, na masharti yake ya kulala au kusafiri.

Usiku tuliliandaa somo hilo nyumbani kwa Maalim, watu wanne kuzunguka kompyuta mpakato moja. Hapo ndipo ubishi wa kweli ulipozuka. Mwalimu mmoja kijana alisema wazi: "Nikeshe nikiandaa somo, kisha mwingine alichukue, abandike jina lake, apande cheo?" Hakuwa na choyo. Walimu wengi wameshaonja hilo. Mwingine aliogopa duka la fotokopi litalichapa na kuwauzia wazazi, akataka NC iwemo. Maalim akajibu kwamba duka likilichapa na kulifikisha Micheweni kwa bei ya karatasi, mwanafunzi amefaidika, na kwa kuwa leseni inataka jina litajwe, kila nakala itakayouzwa itamtangaza aliyeliandaa. Tulijadiliana hadi saa nne usiku. Mwishowe walichagua BY na SA: majina yabaki, na atakayeliboresha alirudishe wazi kama alivyolipokea. Kijana yule ndiye aliyeandika orodha ya majina, na la kwake akaliweka la pili baada ya Maalim.

Kesho yake tulilipeleka kwenye skuli moja nje ya mji, katika kipindi cha ziada. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya Bao lenyewe, mbao chini ya mwembe, huku kila mwanafunzi akitamka kanuni kabla ya kusogeza kete. Kisha wakaingia darasani, wanne kwa kompyuta moja, wakaziandika kanuni zilezile kwa vipande vya Scratch vya Kiswahili. Msichana mmoja akaita: "Mwalimu, hii haijalala!" Programu yake ilikuwa inazunguka tu, kete hazikomi. Wengine walidhani amekosea. Akapewa ubao wa Bao, akazipanga kete kama zilivyo kwenye skrini, akacheza kwa mkono, na mkono nao ukaendelea kuzunguka.

Nilifurahi sana, kwa kuwa swali lile lina historia. Alex de Voogt, mtafiti aliyewasoma kwa kina mabingwa wa Bao wa Zanzibar, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2006 uchunguzi kuhusu mizunguko ya Bao isiyokwisha. Ipo kweli. Niliwaeleza wanafunzi kwamba kila mwandishi wa programu hukutana na mzunguko usiokoma, na kwamba kazi yake ni kuweka sharti la kuukomesha. Msichana akaongeza kihesabio: mizunguko ikizidi idadi fulani, simama. Hakuna kitabu nilichobeba begini kilichokuwa na mfano wa namna hiyo. Ulitoka kwao, ukaingizwa ukurasa wa tatu wa somo.

Yule mwalimu wa Micheweni naye alileta lake. Zoezi la fedha za matumizi kwa pauni alikuwa ameligeuza kuwa zoezi la malipo ya wachumaji karafuu: kila mchumaji na pishi zake, malipo kwa pishi, na programu inayojumlisha. Watoto wanaotoka kuchuma asubuhi hawakuhitaji kuelezwa pishi ni nini, wala kwa nini hesabu isiyo sahihi ni dhuluma. Walikagua programu zao kwa ukali ambao sijauona Morogoro.

Niliondoka Pemba nikiwa na msimamo ambao sikuwa nao wakati napanda meli. Awali niliamini kwamba kazi ya nyenzo huria ni kufika: masomo mazuri yapo duniani, tuyapeleke mpaka skuli ya mwisho. Kufika ni nusu ya kazi. Nyenzo inakuwa huria pale mwalimu wa skuli ya mwisho anapoweza kuifungua, kuibadilisha, kuweka jina lake na kuirudisha ilikotoka ikiwa bora zaidi. Uingereza somo la kompyuta lilipoingia katika mtaala mpya mwaka 2014, walimu hawakungoja vitabu; chama chao cha Computing At School, kilichoanzishwa mwaka 2008, kilikuwa kimewazoesha kupeana masomo na kurekebishana. Vituo vya walimu vya Zanzibar vimeshawajenga walimu katika mazoea hayo, na Bara tunavyo vyetu tunavyoweza kuvifufua kwa kazi hiyo.

Tangu nirudi, somo la Bao limefundishwa Morogoro. Wanafunzi wangu wameongeza sehemu ya nyumba, na faili limerudi Chake Chake likiwa na majina yao. Nawaomba walimu wenzangu wanaofundisha uandishi wa programu wafanye hivi: mtoe faili linaloharirika pamoja na PDF; lisiwe zito likashindwa kupita kwenye simu ya kawaida; muandike leseni ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili kinachoeleweka; muweke majina yote, ya mliowachukulia na ya kwenu. Na mkipokea somo la mtu, msilitumie tu mkanyamaza. Mwambieni mmebadilisha nini na kwa nini, kwa sababu mwenzenu huyo naye ana darasa linalomsubiri Jumatatu.